Mkono Uliochonga Swala

Mchongaji hapigi ngumi. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ambayo Mutisya alifundishwa na mjomba wake, Mzee Nzomo, kabla hata ya kufundishwa kunoa tezo. Aliishika kwa miaka kumi na sita. Akaivunja akiwa na miaka thelathini na minne, mtu mwenye mke, watoto na akili timamu, wala hakuna aliyemlazimisha.

Sheria hiyo haikuandikwa mahali popote. Katika ua wa wachongaji, mwendo mfupi kutoka Pumwani, watu karibu mia walikaa chini ya mabati wakichonga tangu asubuhi, wengi wao Wakamba, na kila mmoja aliijua. Mchongaji akikasirika hakugonga meza. Akifika kwenye mlango wa mtu hakubisha kwa ngumi, aliita jina. Siku moja watu wawili waligombania kipande cha mpingo, mmoja akamtandika mwenzake konde la shavu, na Mzee Nzomo akawafukuza uani wote wawili kwa juma zima, aliyepiga na aliyepigwa.

"Huyu aliyepigwa amekosa nini?" watu waliuliza.

"Amekaa karibu na mjinga," mzee akajibu. "Mkigombana, piganeni kwa mdomo. Mdomo hata ukivimba, haushiki tezo."

Watu walicheka, lakini sheria ilikuwa na maana yake. Mkono unaoshika tezo haukati tu, unasikia. Chuma kinapoingia katika mti, kiganja husikia kama nyuzi za mti zinakwenda sawa au zimegeuka, na husimama kabla jicho halijaona kitu. Anayechonga kiboko anaweza kukosea akarekebisha, maana kiboko ni nyama tupu. Mutisya hakuchonga kiboko. Katika ua ule kila ukoo ulikuwa na mnyama wake, na ukoo wa Nzomo ulikuwa na swala: miguu minne myembamba, masikio mawili yaliyosimama, pembe mbili zisizozidi unene wa penseli, vyote vikitoka katika kipande kimoja cha mti bila tone la gundi. Mzee alipoanza kupoteza nguvu za macho alifanywa mkaguzi wa kazi za chama cha wachongaji, akikagua zaidi kwa vidole, na Mutisya akabaki peke yake katika ua mzima anayejua kumtoa swala ndani ya mti.

Alichonga akiwa ameketi chini, miguu imenyooshwa mbele, kipande cha mti kikibanwa kati ya nyayo zake. Ukikaa hivyo tangu asubuhi hadi jioni kwa miaka mingi, nyonga hulegea kama za mtoto mchanga, na mgongo hukauka kama ubao. Mwaka wa 1977 mgongo wa Mutisya uligoma. Asubuhi mke wake Kalekye alimvuta kwa mikono miwili ili atoke kitandani. Alitembea kutoka nyumbani kwake Huruma hadi kazini ameinama, na watoto wa mtaani walimwamkia shikamoo wakidhani ni mzee.

Zahanati ilimpa vidonge vyeupe, na vilipokwisha ikampa vingine. Hatimaye muuguzi mmoja akamwambia, "Mzee, wewe huna ugonjwa. Umekunjamana. Nenda kwa Okumu wa reli akunyooshe."

Zedekiah Okumu alikuwa fundi katika karakana ya reli, akiishi Makongeni. Mara tatu kwa wiki, saa kumi na moja jioni, alifundisha karate katika ukumbi wa mtaa. Alikuwa amejifunza kwa Mhindi aliyefanya kazi naye, na Mhindi huyo alimfundisha pia mazoezi ya yoga ya kunyoosha mwili na kupumua polepole. Okumu aliyaamini hayo kuliko mapigo yenyewe. Kila somo lilianza kwa nusu saa ya kujinyoosha sakafuni, na aliyechelewa nusu saa hiyo alirudishwa nyumbani. Hakuvuta sigara, hakunywa pombe, na hakumruhusu mwanafunzi yeyote kusukuma mwili wa mwenzake ili ufike mahali ambapo haujafika wenyewe. Alikuwa mwalimu wa haki. Hilo lisemwe wazi, kwa sababu baadaye watu walimlaumu bure.

Jioni ya kwanza Okumu aliwaambia wanafunzi waketi na kutanua miguu kadiri wawezavyo. Vijana walikunja nyuso, wengine wakaguna. Mutisya, mtu mzima aliyeingia amejishika kiuno, alitanua miguu yake kulia na kushoto hadi ikawa mstari mmoja sakafuni, kisha akatazama huku na huku akingoja wenzake.

Ukumbi mzima ukampigia makofi.

"Aisee," akasema Ngigi, utingo wa lori mwenye mabega mapana, "huyu mzee ameundwa na mpira."

Mutisya alikuwa hajawahi kupigiwa makofi maishani. Swala zake zilipendwa na wageni katika maduka ya mjini, lakini wageni hao hawakumjua, na chini ya kila swala paliandikwa namba tu.

Mgongo ulichukua miezi minane. Okumu alimlaza kifudifudi akamfundisha kuinua kifua polepole, pumzi kwa pumzi. Akamfundisha kusimama, kuinama, kugusa sakafu, na kungoja hapo bila kulazimisha. Kufikia katikati ya mwaka wa 1978 Mutisya alikuwa akitembea wima, na Kalekye aliwaambia majirani kwamba amerudishiwa mume aliyemwoa. Ikiwa yupo mtu aliyepaswa kusema asante na kwenda zake nyumbani, ni Mutisya siku ile.

Hakwenda. Alikuwa ameshaonja makofi. Akajifunza mateke, na kwa nyonga zile mguu wake ulipita juu ya kichwa cha mtu bila taabu. Wageni wakija ukumbini, Okumu alimwita mbele aonyeshe. Ngigi hakufurahi.

"Miguu ni sawa," Ngigi alisema siku moja mbele ya watu wote. "Lakini ngumi yake, wee! Ni ya uji. Mutisya, ukimpiga mwizi na hiyo ngumi, atakuambia asante kwa kumpapasa."

Watu walicheka. Mutisya naye alicheka, lakini neno lilimwingia. Kwenye kona ya ukumbi palikuwa na ubao uliosimamishwa, umezungushiwa kamba ya katani, ambao wao waliuita makiwara. Wanafunzi wa muda mrefu waliupiga kwa ngumi ili kukomaza vifundo vya vidole. Mutisya hakuwahi kuugusa. Jioni ile alimfuata mwalimu.

"Mwalimu, nataka kuanza makiwara."

Okumu alimtazama mikono. "Bwana Mutisya, wewe unafanya kazi gani?"

"Unaijua kazi yangu."

"Naijua. Ndiyo maana nauliza. Ulikuja kwangu kwa ajili ya mgongo. Mgongo umepona?"

"Umepona."

"Basi ngumi unaitakia nini?"

Jibu la kweli lilikuwa Ngigi, na mtu mzima halisemi hilo kwa sauti. Akasema ati anataka kufanya mtihani wa mkanda wa kahawia, na katika mtihani huo mtu huvunja vigae viwili.

"Nitamwomba mtahini akuondolee vigae," Okumu akasema. "Atakubali. Nitamweleza kazi yako."

"Halafu Ngigi aseme nini?"

"Ngigi ni wa kusema tu. Hata akilala husema." Okumu akautazama ubao ule wa kona. "Ukishikilia sana, piga mara ishirini, polepole, siku za mazoezi tu, nikiwa nakuona. Zaidi ya hapo sitaki."

Mara ishirini mbele ya watu, polepole, wakati Ngigi alipiga mia mbili. Mutisya aliona ni aibu. Akaamua kutengeneza makiwara yake mwenyewe nyuma ya nyumba yake Huruma, na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo pengine mtu mwingine yeyote ukumbini asingelifanya.

Makiwara ya Okumu ilikuwa ubao wa saiprasi, mwembamba kwa juu. Ngumi ilipofika, ubao ulinesa nyuma, ukapokea pigo, ukarudi. Kunesa huko ndiko kulikolinda mkono. Ngigi, ambaye hakujua lolote kuhusu mbao, angeokota ubao wowote wa kasha la mizigo na asingedhurika. Lakini Mutisya alikuwa mchongaji, mwana wa mpingo na mzeituni, na wachongaji huzidharau mbao laini. Kwao saiprasi ni ya kuni na ya majeneza ya maskini. Alipoutazama ubao wa Okumu aliona kitu kibovu kilichotengenezwa na mtu wa reli asiyejua mti. Akachukua gogo la mzeituni, akalichonga vizuri, akalipiga msasa, akalichimbia ardhini kwa kina cha goti, akalizungushia kamba. Kilikuwa kitu cha kupendeza. Ungeweza kukisukuma kwa bega lako lote na kisitikisike.

Alianza kukipiga kila asubuhi kulipokucha, kabla ya chai. Mara hamsini, halafu mia.

Kalekye alikuwa akichota maji bombani aliposikia ule mdundo. Alikuja akasimama na ndoo yake.

"Baba Kanyiva, hicho kimekukosea nini?"

"Nakomaza mkono."

"Mkono ulikuwa mbichi?"

"Ndiyo," akasema, na hakuwa anatania. "Mti ukiwa mbichi hupasuka. Ukikauka haupasuki. Mkono nao ni hivyo hivyo."

"Mti ukikauka umekufa," Kalekye akasema, akaenda zake na maji.

Baada ya wiki tatu vifundo vilivimba. Akafurahi, akaona mkono unaiva. Baada ya miezi miwili kilikuja kipindi cha maumivu makali upande wa kidole cha mwisho, akaufunga mkono kitambaa, akaendelea. Halafu maumivu yakapungua, na vifundo vikawa kama vya mtu aliyevaa soksi mkononi. Alijigonga kwa ukingo wa tezo asisikie vizuri. Mtu wa kawaida angeogopa. Mutisya alihesabu kuwa ni ushindi, kwa sababu hivyo ndivyo gogo linavyokuwa likikauka: unaligonga, halilalamiki.

Ukumbini aliendelea na mapigo yake ishirini ya polepole mbele ya Okumu. Alimdanganya mwalimu wake kwa utiifu, na huo ni udanganyifu mbaya kuliko wa kusema uongo, kwa kuwa hauachi mahali pa kukamatwa.

Uani, swala mmoja alivunjika sikio. Mutisya akasema mti ulikuwa na ufa. Wa pili alivunjika mguu. Mzee Nzomo aliviokota vipande akavitazama karibu na macho yake.

"Mti huu hauna ufa."

"Nilichoka, mjomba."

"Lete mkono."

"Nina kazi, mjomba."

Mpwa kumnyima mjomba wake mkono lilikuwa jambo zito, na wachongaji waliokuwa karibu wakainamia kazi zao. Mzee aliviweka vipande chini. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Sitakulazimisha. Wewe ni mtu mzima." Akaondoka. Baadaye mzee alijuta neno hilo, akisema afadhali angemshika mkono kwa nguvu mbele ya watu.

Mtihani ulifanyika Desemba 1979. Okumu alikuwa amemwomba mtahini, na mtahini alikuwa amekubali: Mutisya asivunje vigae. Jina lake lilipoitwa aonyeshe mateke, alionyesha, akapigiwa makofi. Kisha, badala ya kuinama na kurudi nyuma, alikwenda mahali vigae vilipopangwa.

"Mutisya," Okumu akaita. "Umemaliza. Rudi."

Ngigi akasema kutoka kwenye mstari, "Mwache, mwalimu, avipapase."

Mutisya alishusha ngumi. Vigae vyote viwili vilivunjika, na wale waliokaa mbele walisikia mlio mwingine mdogo ndani ya ule mkubwa. Makofi yalikuwa mengi. Ngigi mwenyewe alisimama akapiga makofi, akasema, "Sawa mzee, nimekubali." Mutisya aliinama mbele ya mtahini, akafungwa mkanda, na alipojaribu kufungua ngumi yake haikufunguka.

Hospitalini picha ilionyesha mfupa uliovunjika siku hiyo, na kando yake ufa mwingine wa zamani uliokuwa umeungana vibaya, ukipigwa na kupigwa kabla haujapona. Daktari aliuliza kama anafanya kazi ya kuvunja mawe. Mutisya alipomwambia kazi yake, daktari aliiweka picha mezani.

Walimfunga plasta. Ilipotolewa, vidole viwili vya mwisho vilibaki vimejikunja, na kiganja hakikusikia.

Kuanzia hapo kila mtu alijaribu. Kalekye aliukanda mkono kwa maji ya moto na chumvi asubuhi na jioni, akizungumza mambo mengine ili asizungumze hilo. Watu wa kanisa walikuja wakauombea. Mzee Nzomo aliagiza mafuta kutoka Machakos. Okumu alitoka Makongeni hadi Huruma kila Jumamosi kwa zaidi ya mwaka, akaketi kwenye kigoda, akaushika mkono ule na kuufanyia yote aliyoufanyia mgongo: pumzi kwa pumzi, bila kulazimisha. Vidole vilifunguka kidogo, vikafika mahali, vikasimama. Wiki iliyofuata vilisimama palepale.

Siku moja Okumu aliliona gogo la mzeituni nyuma ya nyumba. Alilisukuma kwa kiganja. Akalisukuma tena kwa mikono miwili.

"Hili halinesi," akasema.

"Nilidhani kunesa ni ubovu," Mutisya akasema.

Okumu alirudi ndani akaketi.

"Ungeniuliza, Bwana Mutisya."

"Ungenikataza."

"Ndiyo," Okumu akasema. "Ningekukataza."

Mutisya hakuacha kujaribu kuchonga. Alifunga mpini wa tezo kwa ukanda wa mpira ili usimtoke. Mwanzoni mwa 1981, baada ya wiki mbili za kazi ambayo zamani aliimaliza kwa siku mbili, alipeleka swala mmoja mezani kwa mkaguzi. Kulikuwa na foleni. Mbele yake palikuwa na twiga na vifaru, nyuma yake vinyago. Wote walijua, na wote walitazama kwingine.

Mzee Nzomo alimpokea swala, akapitisha kidole gumba kwenye miguu, kwenye shingo, kwenye pembe. Akamsimamisha mezani. Swala aliegemea upande kama mnyama aliyepigwa risasi. Mzee alimgeuza, akamsimamisha tena.

"Mjomba," Mutisya akasema polepole, "mpitishe huyu mmoja tu. Niukumbuke mkono wangu."

Mzee alikuwa na chaki mkononi. Kazi iliyokataliwa iliwekwa alama ya chaki, na alama hiyo haikujali ukoo. Angempitisha mpwa wake, kesho angempitisha nani?

"Angekuwa wa mtu mwingine," mzee akauliza, "ungetaka nifanye nini?"

Mutisya alimtazama swala wake. Alikuwa amefundishwa na mzee huyo huyo, na alijua kazi nzuri.

"Ungemtia chaki."

Mzee alimtia chaki. Kisha akaweka chaki chini, akamwita mtu mwingine aendeshe foleni, maana macho yake, alisema, yamechoka. Si macho yaliyochoka, na kila mtu aliyekuwa kwenye foleni alijua.

Walimpa Mutisya viboko, mnyama wa wanaoanza. Wenzake walijaribu mzaha: "Karibu upande wa wanene." Alicheka nao. Lakini hata kiboko ana masikio madogo, na masikio yalimshinda. Kabla mwaka haujaisha alihamia kivulini ambako wake wa wachongaji walipiga msasa kazi zilizomalizika. Msasa hauhitaji mkono usikie. Kalekye alikuwa miongoni mwa wanawake hao, na alisogea kidogo mkekani ili mume wake apate nafasi ya kuketi.

Mgongo wake ulibaki mzima. Aliketi wima kuliko wote mkekani, na wageni waliopita walidhani ni msimamizi.

Usilaumu karate kwa haya, wala Ngigi na ulimi wake, kwani utingo hakumshika mtu mkono akaugongesha kwenye gogo. Mutisya alitafuta afya akaipata, kisha akataka asifiwe kwa kitu kisicho chake. Alipewa sheria na watu wawili wenye busara, mmoja uani, mwingine ukumbini, akazivunja zote mbili asubuhi kabla ya chai.

Ilimgharimu mkono wa kulia na kazi ya miaka kumi na sita. Hakuwa amemfundisha mtu mwingine. Mzee Nzomo alikufa mwaka wa 1983, na tangu hapo hakuna mtu katika ua ule anayechonga swala.